Kuitoa Harusi Kwenye Diski

Kabla hujawasha kompyuta, itoe diski kwenye kasha lake, igeuze, uitazame upande wa chini ukiielekeza dirishani. Kama ni DVD iliyochomwa studio, utaona rangi ya zambarau iliyofifia, alama za vidole vya wote walioiazima, na michubuko. Hiyo zambarau ndiyo harusi yenyewe. Diski za kiwandani hubeba data kwa vishimo vilivyogongwa mhuri na kufunikwa kwa utando wa alumini, lakini hizi za kuchomwa huibeba kwenye rangi maalumu inayounguzwa kwa leza, na rangi hiyo haipendi jua wala joto. Kabati la chumba cha pwani, bati juu, miaka kumi na tano: usitarajie uikute ilivyokuwa.

Dada yangu aliolewa Tanga mwaka 2010. Mpiga video alitukabidhi DVD nne zinazofanana, tukaazimishana hadi ikabaki moja, na deki ya kuichezea nayo ikafa. Shangazi yetu wa Muscat, aliyekuja harusini na kurudi, akaomba: "Nitumieni, niitazame kwenye simu." Nikadhani ni kazi ya nusu saa. Nikaipeleka diski kwa kijana mmoja wa steshenari, akanirudishia flashi yenye mafaili matano, nikayapakia mtandaoni na kutupia viungo kwenye kundi la familia.

Simu ikaja siku ya tatu. "Mwanangu, bando langu lote limekwenda, na nilichopata ni bibi harusi aliyerefuka uso, watu wana meno ya kitana mikononi, na kadhi ndiyo kwanza anataka kufungisha, picha inakatika!"

Nikamwambia shikamoo, maana hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

Bando, uso, meno ya kitana, kukatika. Malalamiko hayo manne yalinifundisha kazi hii kuliko maelezo yoyote niliyosoma, na kila moja lina dawa yake.

Nakala kwanza, kubana baadaye

Nilipoamua kuirudia kazi mwenyewe, kosa langu la kwanza lilikuwa kubana moja kwa moja kutoka kwenye diski. Programu ya kubana huisoma diski polepole, kwa saa nzima au zaidi, na ikigonga pahala palipochubuka hukwama, huruka, au huendelea kimya kimya ikikuachia shimo katikati ya filamu. Hamisha kwanza kila kilichomo kwenye diski hadi kwenye kompyuta, kama kilivyo, bila kubadilisha hata biti moja. Ukishakuwa na nakala hiyo, unaweza kubana mara kumi, ukakosea mara tisa, na diski imelala salama kabatini.

Kuifuta: tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Data imeandikwa kwa mzunguko, kama mkeka wa duara unaosukwa kuanzia katikati, kwa hiyo mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu mfululizo mrefu wa data iliyo jirani, wakati ule unaoikata njia huharibu kidogo hapa na kidogo pale, na deki ina hesabu za kufidia vidogo hivyo. Mafuta ya vidole yakigoma, tone la sabuni ya vyombo kwenye maji linatosha. Kama studio ilibandika karatasi yenye picha ya maharusi juu ya diski, iache hapo hapo. Ukiibandua unaweza kuondoka na mengine.

Laptopu za siku hizi haziji na deki ya diski. Nunua au azima ile ya nje inayochomekwa kwa USB. Fungua diski, utakuta folda iitwayo VIDEO_TS. Ndani yake mna mafaili madogo ya IFO na BUP, ambayo ni ramani ya diski na nakala za ramani hiyo, na makubwa ya VOB, ambayo ndiyo picha na sauti. Nakili folda nzima. Diski ya tabaka moja hubeba GB 4.7, ya matabaka mawili GB 8.5, kwa hiyo pima nafasi uliyonayo kwanza.

Na hapa ndipo ilipotoka ile picha ya kadhi kukatika. Kwenye DVD faili la VOB halipiti GB 1. Harusi ya saa mbili hukatwakatwa kuwa VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, na mikato hiyo haijali kama ni katikati ya khutba au katikati ya chakula. Deki huzisoma kwa kufuata ramani ya IFO na mtazamaji haoni kiungo. Kijana wa steshenari alizibadilisha moja moja, kama filamu tano tofauti. Usimlaumu sana, kwani kwa macho ni mafaili matano kweli. Dawa yake ni kuipa programu folda nzima ya VIDEO_TS, isome ramani, ikutolee filamu moja. Na usije ukadanganyika kubadilisha herufi za mwisho za jina kutoka VOB kuwa MP4 ukadhani umemaliza. Utakuwa umebadilisha kibao cha mlangoni, waliomo ndani ni wale wale.

Diski ikigoma kunakiliwa, jaribu kwenye deki nyingine kabla hujakata tamaa. Deki hazilingani macho: ile ya kompyuta ya mezani ya zamani inaweza kusoma diski ambayo mpya ya USB imeitema. Ikigoma kote, mtafute mwenye Linux atumie ddrescue, programu isiyolipiwa ambayo huchota kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, kisha hurudi kwenye zile mbovu mara nyingi kadiri utakavyoiambia. Iache usiku kucha. Diski inayoonekana tupu kabisa ilhali unajua ina kitu, huenda ilirekodiwa moja kwa moja na kamera au rekoda na haikufungwa mwishoni; hiyo inahitaji kurudishwa kwenye kifaa kilichoirekodi, au cha aina ile ile, ifungwe.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea: mpigie aliyepiga video. Wengi wao bado wana kanda ndogo za MiniDV au diski kuu iliyobeba kazi za miaka yote, na kilichomo humo ni bora kuliko DVD, kwa kuwa DVD yenyewe tayari imebanwa mara moja. Wetu alikuwa amehamia kwenye biashara ya viti vya kukodisha na kanda zote alizirekodia harusi nyingine. Lakini kuuliza hakugharimu kitu.

Bando la anayepakua

Watu wengi huanza kwa kuuliza programu gani ni nzuri. Anza kwa kumuuliza atakayepakua ana simu gani, nafasi kiasi gani, na anapata intaneti wapi. Shangazi ana simu ya kawaida na bando la wiki. Binamu yupo Toronto na ana intaneti ya nyumbani isiyohesabiwa. Kuwapa faili moja wote wawili ni kumwonea mmoja wao.

Hesabu yake ni nyepesi na nakuomba uishike. Video ikitumia kilobiti 1000 kwa sekunde, dakika moja ni MB 7.5. Sauti ya kilobiti 128 huongeza takribani MB 1 kwa dakika. Saa mbili, kwa hiyo, ni GB 1 na chembe. Ile ile ikiwa kwenye DVD ilijaza GB 4.7, yaani zaidi ya kilobiti 5000 kwa sekunde. Tofauti hiyo haitokani na uchawi wala na kuharibu picha. DVD hutumia mbano wa MPEG-2, uliotengenezwa miaka ya tisini mwanzoni, ilhali H.264, uliokuja mwaka 2003, huhitaji biti chache zaidi kwa picha ile ile.

Ipo mibano mipya inayopunguza zaidi, H.265 na AV1. Kwa kazi hii achana nayo. Simu ya bei nafuu ya miaka sita iliyopita inaweza kuifungua kwa kukwama kwama au isiifungue kabisa, na wewe hutakuwepo kumweleza shangazi kwa nini. H.264 kwa picha, AAC kwa sauti, ndani ya faili la MP4: hiyo ndiyo inayofunguka karibu kila mahali, kuanzia simu hadi runinga yenye tundu la flashi.

Tengeneza mbili. Ya kwanza, ya wenye intaneti nzuri, upana wa nukta 720, karibu MB 8 kwa dakika. Ya pili, ya wenye bando, upana wa 480, sauti ya kilobiti 64, karibu MB 3 kwa dakika. Kwenye kioo cha simu kilichoshikwa mkononi, ya pili haina aibu. Usijaribu kufika juu ya ile ya kwanza. DVD ya mfumo wetu wa PAL ina mistari 576 tu. Ukiivuta hadi 1080 hutapata kilichokuwa hakipo, utapata ukungu uleule kwa bei kubwa zaidi ya bando.

HandBrake, kwa utaratibu

Programu ninayoipendekeza ni HandBrake. Hailipiwi, ipo kwa Windows, Mac na Linux, na haikubandikii maandishi yake katikati ya uso wa bwana harusi kama zinavyofanya nyingi za majaribio. Ishushe kutoka tovuti yake yenyewe. Majina yanayofanana nayo ni mengi, na mengine yamebeba virusi.

Bofya "Open Source", chagua folda, onyesha ile VIDEO_TS uliyoinakili. Itachunguza na kukuletea orodha ya vichwa. Menyu ya studio yenye maua yanayozunguka itakuwa ya sekunde chache. Harusi ni ile ndefu kuliko zote. Ichague hiyo. Kwenye mipangilio iliyo tayari, chagua "Fast 576p25", ambayo imepimwa kwa PAL: mistari 576, fremu 25 kwa sekunde. Aina ya faili iwe MP4.

Kwenye ukurasa huo huo wa mwanzo kuna kisanduku kilichoandikwa "Web Optimized". Kitie alama. Ndicho watu wanachokipita, nacho kina kazi kubwa. Faili la MP4 lina faharasa inayoieleza simu kila fremu iko wapi. Kwa kawaida faharasa hiyo huandikwa mwishoni, baada ya kazi yote. Mtu akianza kutazama kabla faili halijamaliza kushuka, simu huwa na kitabu kisicho na faharasa, inasubiri ukurasa wa mwisho. Kisanduku hicho huihamishia faharasa mbele, na picha huanza mara moja.

Sasa uso uliorefuka. DVD ya PAL huhifadhi picha kwa nukta 720 kwa 576, iwe ya umbo la zamani la runinga zenye kisogo au ya picha pana. Nukta hizo si za mraba, diski ina alama inayoiambia deki: "ukionyesha, ivute kwa upana kiasi hiki." Mpiga video wetu alikuwa na kamera mpya ya picha pana na alijivunia sana. Programu ya steshenari iliipuuza alama ile, kila mtu akabanwa kutoka kushoto na kulia. Bibi harusi akawa na shingo ya twiga, na bwana harusi, ambaye ni mnene kweli, kwa mara ya kwanza akaonekana mwembamba. Yeye ndiye pekee ambaye hakulalamika.

Nenda ukurasa wa "Dimensions", mahali pa "Anamorphic" weka "None". Hapo programu itavuta picha yenyewe na kuiandika kwa nukta za mraba, isibaki kazi ya kukisia kwa simu ya mtu. Picha pana itatoka takribani 720 kwa 404, na ya zamani takribani 720 kwa 540. Tafuta kwenye filamu kitu unachokijua kuwa ni duara, sinia la pilau au gurudumu la gari la maharusi. Kama duara ni duara, endelea.

Meno ya kitana yana asili yake kwenye runinga za zamani. Kamera za wakati ule zilipiga nusu-picha 50 kwa sekunde: mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Runinga ya kisogo ilizipokezanisha na jicho halikuona kitu. Simu huonyesha nusu zote mbili kwa pamoja. Mtu aliyesimama hana tabu, lakini mkono unaopunga umeshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, na ukingo wake unachanika meno. Kwenye harusi, ambako hakuna anayesimama, meno yanakuwa kila mahali. Fungua ukurasa wa "Filters", zima utambuzi wa mistari kwenye "Interlace Detection", kisha mahali pa "Deinterlace" chagua "Bwdif" au "Yadif". Ukiuacha utambuzi ukiwaka, programu husafisha fremu inazozishuku tu, na zipo zitakazoipita.

Kama kuna ngoma au taarabu ambayo unaipenda kwa dhati, ipo njia ya kuhifadhi mwendo wote: chagua namna ya "Bob" na uweke fremu 50 kwa sekunde. Kila nusu-picha inakuwa picha kamili, na mabega ya wachezaji yanateleza kama ulivyoyaona siku ile. Faili linakuwa kubwa, kwa hiyo mimi nilifanya hivyo kwa kipande cha taarabu peke yake.

Kwenye ukurasa wa "Video" utaona kipimo cha ubora kiitwacho RF. Namba ndogo, ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa DVD kaa kati ya 20 na 22. Kwa ile ndogo ya bando, 24. Faida ya kipimo hiki ni kwamba hugawa biti kwa kadiri ya haja. Mzee anayetoa nasaha akiwa amekaa kwenye kiti hula biti chache sana. Gauni lenye vipande vinavyometameta, taa za ukumbi zinazozunguka, maua yanayorushwa, na kamera ya mtu aliyechoka inayotetemeka, hivyo hula biti kama moto wa makuti. Usishangae dakika kumi za nasaha zikiwa nusu ya ukubwa wa dakika kumi za karamu.

Sauti: DVD hutumia zaidi AC-3 au MP2, na vivinjari vingi haviifahamu AC-3, mtu anaona midomo inacheza kimya. Weka AAC, stereo, kilobiti 128, au 64 kwa ile ndogo ya bando.

Jaribu kwanza dakika moja tu, mahali ambapo watu wanacheza. Mahali pa "Range" unaweza kuchagua kuanzia sekunde fulani hadi sekunde fulani. Itazame kwenye simu. Ukiridhika, anzisha kazi yote kwa "Start Encode" na uende zako. Laptopu ya zamani inaweza kuchukua saa moja au mbili, ikipumua kama mtu aliyepanda mlima. Iweke mezani, si kitandani ambako godoro litaziba matundu ya hewa. Umeme ukikatika na betri ikiwa ni ya jina tu, faili la MP4 lililokuwa likiandikwa halitafunguka, kwa sababu ile faharasa bado haikuwa imeandikwa. Unaanza upya. Ndiyo maana kubana vipande vifupi kuna raha yake hata kwa mwenye kubana.

Wenye diski nyingi, mathalani msikiti wenye mawaidha ya miaka kumi au kwaya yenye kabati zima, watachoka kubofya. Hao wajifunze FFmpeg, inayofanya kazi kwa amri ya maandishi na inaweza kuachwa ipitie diski zote yenyewe. Toa kwanza filamu nzima kama faili moja la MKV kwa programu ya MakeMKV, ambayo haibani chochote, kisha, kwa picha pana, amri ni hii:

ffmpeg -i harusi.mkv -vf yadif,scale=720:404,setsar=1 -c:v libx264 -crf 21 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart harusi.mp4

Kwa picha ya umbo la zamani, badala ya 404 weka 540. Vyote tulivyovieleza vimo: yadif ni dawa ya meno ya kitana, scale na setsar ni dawa ya uso, faststart ni faharasa kwenda mbele.

Kama ni VCD

Harusi na michezo ya kuigiza mingi ya miaka ya 2000 haikuwa kwenye DVD bali VCD, na nyumbani zote huitwa sidii. Utaitambua kwa folda ya MPEGAV yenye faili kama AVSEQ01.DAT. Picha yake ni ndogo, nukta 352 kwa 288, na haina meno ya kitana kwa sababu huhifadhi picha kamili, ingawa ikiwa aliyeitengeneza hakuwa makini, meno hayo hukutwa yamekaushwa humo ndani na hayatoki tena. Nakili faili la DAT, VLC italifungua. Libane kwa RF 20 bila kulikuza. Ulinzi wa data kwenye VCD ni hafifu kuliko wa DVD, na upande wenye maandishi ndio ulio dhaifu: data imekaa chini kidogo tu ya chapa, mkwaruzo wa juu ukipita basi imekwenda. DVD afadhali, data yake imebanwa katikati ya plastiki mbili.

Vipande, majina, kiungo

Faili moja la saa mbili ni adui wa mwenye bando. Likikatika kwenye asilimia 90 na hifadhi isiporuhusu kuendelea pale lilipofikia, ameunguza kila kitu. Kata kwa matukio. Mpiga video anayejua kazi yake huweka sura kwenye DVD, na HandBrake inazisoma: sura ya 1 hadi 3 ni nikaha, 4 hadi 6 kumtoa bibi harusi, na kuendelea. Ongeza kila kipande kwenye foleni kwa "Add to Queue", kisha viache vifuatane. Sisi tulipata vipande tisa, vya dakika kumi hadi kumi na tano.

Majina yasiwe na nafasi wala alama za ajabu: harusi-tanga-2010-01-nikaha.mp4. Tarakimu mbili mbele huvipanga vyenyewe. Unapotuma kiungo, andika pembeni yake muda na ukubwa: "Nikaha, dakika 12, MB 36." Ni adabu tu, kama muuza duka anayekutajia bei kabla hajakufungia sukari.

WhatsApp ukiituma kama video, itaibana tena kwa namna yake na kazi yako yote imepotea. Itume kama dokumenti. Hapo hupita ilivyo, hadi GB 2. Telegram nayo inachukua faili la GB 2. Hifadhi ya Google hutoa GB 15 za bure, zikigawanywa na barua pepe zako na picha zako, kwa hiyo harusi ya ukubwa mbili inaenea bila shida. Weka ruhusa ya "yeyote mwenye kiungo" kisha ukifungue kiungo hicho kwenye simu ambayo haijaingia kwa akaunti yako, maana ukijaribu kwenye yako kila kitu kitafunguka na utadhani umepatia. Kupakia nako hula bando, tena lako. Subiri bando la usiku au nenda kwa mwenye intaneti ya waya.

YouTube ni jambo jingine. Akaunti isiyothibitishwa haipokei video ya zaidi ya dakika 15, na mtambo wao huikagua sauti ya kila kinachopakiwa, hata ulichokiwekea faragha. Harusi imejaa nyimbo za watu. Wimbo ukitambuliwa, video yako inaweza kunyamazishwa, kuzuiwa, au kuwekewa matangazo yanayomlipa mwenye wimbo. Kwa kupakua tu, hifadhi ya kawaida ni bora.

Nani anaruhusiwa kuona

Diski ya filamu uliyonunua dukani si harusi yako. Kununua nakala hakukupi haki ya kuigawa mtandaoni, na kinga iliyofungiwa humo imewekwa kwa sababu hiyo. Kwa hayo wapo wasimamizi wa hakimiliki, COSOTA Tanzania na KECOBO Kenya, na mtengenezaji wa filamu aliyekopa ili airekodi yupo pia.

Lakini hata iliyo yako ina wenyewe wengi. Kwenye diski yetu mlikuwa na kupamba na kitchen party, wanawake peke yao, vichwa wazi, wakicheza kwa uhuru kwa kuwa waliahidiwa kwamba mlangoni hapiti mwanamume. Mwaka 2010 ahadi hiyo ilimaanisha DVD inayokaa kabatini kwa mama. Haikumaanisha kiungo kinachoweza kusambazwa kwenye kundi la watu mia mbili kwa kidole kimoja. Nilivitoa vipande hivyo viwili mapema, na hata kuvibana sikuvibana mimi: alivibana dada kwenye kompyuta yake, akawatumia waliokuwemo, mmoja mmoja. Wawili walikataa wasionekane kabisa na sehemu zao zikakatwa.

Kipo na kisa cha waliotengana tangu wakati ule. Kwenye kila harusi ya zamani kuna wanandoa waliokaa meza moja ambao leo hawasalimiani. Pitia kabla hujatuma.

Mwisho kabisa, chukua simu ya bei nafuu kuliko zote nyumbani, shusha kipande kimoja kwa kiungo kile kile ulichowatumia watu, zima data, ukitazame mwanzo hadi mwisho. Angalia kama midomo na sauti vinakwenda pamoja hata dakika ya mwisho. Ile folda ya VIDEO_TS usiifute. Weka nakala mbili kwenye diski kuu mbili tofauti, nyumba mbili tofauti ikiwezekana. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, lakini VOB za GB 1 zitaingia bila ugomvi.

Nilimtumia shangazi viungo vipya siku ya Alhamisi, safari hii nikamwamkia kwanza. Kati ya vile alivyopewa alishusha kimoja tu, cha saba, cha taarabu, ile ya fremu 50, ambamo anaonekana akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti kidoleni, dira la kijani likimetameta bila meno hata moja. Juzi nimesikia kimefika Mombasa.